KAULI INAYORUDI SI UMASKINI WA MANENO



Kijana aliyepata elimu ya shule aghalabu hukosa subira anapomsikiliza bibi yake akisimulia hadithi. Bibi hamtaji sungura bila ya kuongeza ujanja wake. Safari ya pili huielezea kwa maneno yale yale ya safari ya kwanza. Ujumbe uliotumwa huurudia wote, toka mwanzo hata mwisho. Kijana husema moyoni: je, bibi ameishiwa na maneno? Wiki hii yafaa tumjibu, kwani swali lake ni la zamani, na wataalamu wa Ulaya walibishana juu yake kwa miaka mingi.

Ubishi wao ulihusu tendi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Utenzi wake uitwao Iliad una mistari zaidi ya 15,000, na unasimulia habari za vita vya mji wa Troy. Humo shujaa Achilles husifiwa kuwa mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi, na merikebu huwa na mwendo wa kasi hata zikiwa zimepandishwa pwani. Je, mshairi mkubwa namna hiyo alikuwa mvivu?

Jibu lilitolewa na Mmarekani Milman Parry. Yeye alionyesha kwamba sifa ya shujaa huchaguliwa kwa kufuata nafasi iliyobaki katika mstari: nafasi ikiwa kubwa hutumika sifa ndefu, ikiwa ndogo hutumika fupi. Kauli hizo ni mfano wa matofali yaliyokwisha kuchomwa. Mwashi hujenga haraka kwa kuwa hana haja ya kufyatua tofali jipya kila anapopandisha ukuta.

Kati ya mwaka 1933 na 1935 Parry alisafiri Yugoslavia, ambako waimbaji walikuwa bado wakiimba tendi ndefu kwa ala ya uzi mmoja, mfano wa zeze. Mmoja wao alikuwa Avdo Međedović, mchinjaji wa nyama aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Waturuki. Mtu huyu hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, mwaka 1935 alitoa utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Hakuukariri kama kasuku, bali aliutunga papo kwa papo kwa kauli alizorithi kwa waliomtangulia.

Na kwetu Afrika ni vivyo hivyo. Mwaka 1956, huko Kivu, mashariki ya Kongo, msimulizi wa Kinyanga aitwaye Rureke alisimulia kwa muda wa siku kumi na mbili habari za shujaa Mwindo. Mara kwa mara jina la Mwindo hufuatana na sifa ile ile, kwamba alizaliwa na papo hapo akatembea.

Lakini kauli hizi zina faida nyingine, nayo ni ya msikilizaji. Askari aliyezoea kupokea amri na kuirudia neno kwa neno ataielewa upesi. Katika Iliad, mfalme Agamemnon ataka kupatana na Achilles, akataja zawadi nyingi atakazompa. Mwisho aongeza kwamba Achilles sharti amnyenyekee, kwa kuwa yeye ni mfalme mkubwa zaidi. Mjumbe Odysseus aenda, azitaja zawadi zote karibu kwa maneno yale yale, lakini sharti lile la unyenyekevu aliacha. Msikilizaji aliyekwisha kusikia ujumbe wa kwanza atambua mara moja kilichofichwa. Pasingekuwa na marudio, pengo lile lisingeonekana.

Tazameni pia tendi za pwani yetu. Watunzi wengi walikuwa na desturi ya kufungua utenzi kwa kumtaja Mungu, kisha kutaka waletewe karatasi, wino na kalamu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Naye ataja wino na karatasi kama wenzake. Lakini kwake ombi hilo si mlango tu wa kuingilia kisa. Anayeitwa aje na vitu hivyo aketi karibu ni binti yake mwenyewe, na anayemwita ni mama aliyeugua mwaka mzima. Kauli iliyozoeleka kwa watunzi wote imekuwa sauti ya mama mgonjwa amwitaye mwanawe.

Akina mama walioolewa na askari wanaijua siri hii bila ya kufundishwa na mtu. Barua zilizotoka kambini kwa miaka mingi zilianza kwa salamu zile zile: mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako. Wako waliocheka wakisema kwamba kila askari aliandika barua moja. Lakini siku barua ilipofika bila ya neno lile la uzima, mke hakungoja kufika mwisho ndipo aingiwe na wasiwasi.

Kwa hiyo tuwaombe vijana wetu jambo moja. Mkimrekodi bibi kwa simu, au mkiandika hadithi zake katika daftari, msiyafute marudio kwa kudhani kwamba mnamsaidia. Mtamvunjia nguzo iliyobeba nyumba. Mwacheni aseme kama alivyopokea, nanyi mtege masikio: pale kauli iliyozoeleka itakapobadilika neno moja, huenda ndipo lilipo jambo alilokusudia mlisikie. Na msikawie kumwomba asimulie, kwa maana hadithi ambayo haikupata msikilizaji huzikwa pamoja na msimulizi wake.