Picha Safi Si Lazima Iwe Picha ya Kweli

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii aghalabu hutajwa panapozungumziwa mila na lugha, lakini ina mashiko pia katika uwanja ambao wasomi wengi huudharau: michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990. Michezo hiyo ni sanaa iliyobuniwa na wachoraji, watunzi wa muziki na wasimulizi. Ilhali leo, mashine kama Famicom ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka 1983, au Mega Drive ya Sega ya mwaka 1988, inapounganishwa na runinga mpya, picha hufifia na kutanuka. Wengi huilaumu mashine. Lawama hiyo haistahili.

Chanzo cha kasoro ni runinga. Runinga za kichogo zilichora picha mstari kwa mstari, na mashine hizo zilizipelekea takriban mistari 240, kiasi cha mara 60 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa huidhania picha hiyo kuwa ya mistari 480 inayoletwa nusu nusu, kisha huunganisha nusu ambazo kwa hakika hazikuwa nusu. Kivuli kilichokusudiwa kuwaka na kuzima hupotea au huchanika milia. Aidha, uchakataji huo huchukua muda. Mchezaji hubonyeza kitufe, mhusika akachelewa kuruka. Katika mchezo unaotegemea wepesi wa mkono, kuchelewa huko ni sawa na kuvunja mizani ya shairi.

Tiba zipo. Ya kwanza haina gharama: kurejesha uwiano wa 4 kwa 3 ili duara lisigeuke yai, na kuchagua hali ya michezo katika mipangilio ya runinga. Ya pili ni waya. Waya wa kompositi huchanganya mwangaza na rangi katika njia moja. Ule wa RGB huipa nyekundu, kijani na buluu kila moja njia yake. Mega Drive ina uwezo huo tangu kiwandani. Famicom haina mpaka irekebishwe ndani. Ya tatu ni kifaa cha kukuza picha, kama vile OSSC au RetroTINK, ambacho huzidisha kila mstari bila kuchelewesha mchezo. Runinga yenye mistari 2160 huupokea kila mstari mara 9 kamili. Yenye 1080 hupata mara nne na nusu, na hapo hesabu hukosa usawa.

Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kuwa kadiri nukta zinavyokuwa kali, ndivyo picha inavyokuwa bora. Dai hili lina walakini. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa milia myembamba iliyopishana. Waya wa kompositi uliichanganya milia hiyo, mtazamaji akaona maji yanayopitisha mwanga. RGB huonyesha milia mitupu. Je, ipi ndiyo kazi ya msanii? Mhariri wa utenzi wa Kiamu anayebadilisha "mato" kuwa "macho" humrahisishia msomaji, lakini huua kina.

Kwa hivyo, ipo haja ya kutofautisha kasoro na kusudi. Kuchelewa na kutanuka ni kasoro. Viondolewe bila kusita. Ulaini na mchanganyiko wa rangi, kwa upande mwingine, mara nyingi vilikuwa sehemu ya utunzi. Visifutwe kwa jina la usafi. Makampuni makubwa yaliacha kuunda runinga za kichogo, na kila inayotupwa jalalani huondoka na ushahidi wa jinsi kazi hizi zilivyoonekana. Hifadhi zinazokusanya michezo ya kale na ziikusanye pamoja na runinga zake. Maadamu ushahidi huo ungalipo, kizazi kijacho kitaweza kuamua chenyewe. Ukipotea, kitarithi picha safi ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.