ANAYESHTAKIWA KUUA NAYE ANASTAHILI MTETEZI



Kila mara damu inapomwagika katika vijiji vyetu, iwe Mpwapwa, Bahi, Kondoa au Manyoni, twasikia usemi ule ule: "Mwuaji hana haki." Na padre au katekista akienda kumwona mtuhumiwa mahabusu, huulizwa nje ya kanisa: "Je, siku hizi Kanisa latetea wauaji?"

Swali hili hatutalikwepa. Kanisa halitetei mauaji, wala halitayatetea kamwe. Aliyeuawa aliumbwa kwa sura ya Mungu, na damu yake yalia kutoka ardhini kama damu ya Abeli. Mjane na yatima aliowaacha wana haki ya kwanza juu ya sala na matoleo yetu. Lakini yeye asemaye kwamba mshtakiwa asitetewe amekwisha kutoa hukumu kabla jaji hajaketi. Tunamwuliza: wewe umejuaje kwamba ni yeye?

1. Kushtakiwa si kuua, na kuua si lazima kuwe kuua kwa kukusudia

Katiba yetu, ibara ya 13(6), yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa hilo halijathibitishwa. Tena Kanuni ya Adhabu yatenganisha makosa mawili. Kuua kwa kukusudia, adhabu yake ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Jaji hana nafasi ya kuipunguza, isipokuwa sheria yenyewe imewaondoa watoto na wanawake wajawazito. Kuua bila kukusudia, adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha, lakini yaweza pia kuwa miaka michache, kadiri jaji atakavyopima.

Fikirini ugomvi wa kilabuni wakati wa mavuno. Watu wamekunywa tangu mchana, tusi limetoka, rungu limeinuliwa, mtu ameanguka. Je, aliyepiga alikusudia kuua? Alichokozwa? Alikuwa akijikinga? Kati ya majibu hayo ndipo ulipo mpaka wa kitanzi na uhai, na maswali hayo hayajiulizi yenyewe mahakamani. Lazima awepo mtu ajuaye kuyauliza.

Wala hili si jambo la wazungu, kama wengine wanavyodai. Katika Kumbukumbu la Torati (19:1-10) Mungu aliwaagiza Waisraeli kutenga miji ya makimbilio, ili mtu ambaye shoka lake limechomoka mpinini na kumwua mwenzake asiuawe na mlipiza kisasi mwenye hasira. Mungu mwenyewe aliona kwamba hasira ya wafiwa, ijapokuwa ina sababu, haitoshi kuwa hakimu.

2. Mizani isiyolingana

Upande mmoja wa shauri la mauaji inasimama Jamhuri, yenye wapelelezi, madaktari, magari na mawakili. Upande wa pili anasimama mkulima wa uwele ambaye pengine hajapata kufika Dodoma mjini ila kwa pingu. Kosa lake halina dhamana. Atangoja mahabusu, mara nyingi kwa miaka, wakati shamba lake likiota miiba na mashahidi wake wakihama au wakifa.

Tangu mwaka 1969 sheria imeruhusu mahakama kumpatia mshtakiwa maskini wakili kwa gharama ya Serikali, na sheria hiyo ikafuatwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hilo ni jema, nasi twaishukuru Serikali. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi wakili huyo humwona mteja wake kwa mara ya kwanza siku shauri linapotajwa Mahakama Kuu, au hata asubuhi ile ya kusikilizwa. Wakati huo mambo makubwa yamekwisha kupita. Maelezo ya polisi yamekwisha kuandikwa na kutiwa dole gumba. Katika mahakama ya chini, ambako mshtakiwa husomewa ushahidi na kuulizwa kama ana la kusema na mashahidi wa kuwaita, alinyamaza kwa sababu hakuelewa anaulizwa nini. Pengine usiku ule wa mauaji alikuwa sokoni Kibaigwa na mzigo wake wa mahindi. Lakini sheria yamtaka atoe taarifa mapema kwamba hakuwapo, na asipofanya hivyo mahakama yaweza kutoupa utetezi wake uzito. Nani alimwambia?

3. Dodoma iliwahi kusema

Wasemao kwamba madai haya yametoka Ulaya wasome hukumu za Mahakama Kuu ya hapa hapa Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mshtakiwa asiye na uwezo ana haki ya kupatiwa wakili na ya kuelezwa kuwa anayo haki hiyo. Mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu, Jaji huyo huyo aliwatia hatiani washtakiwa wawili wa mauaji, lakini akakataa kuwahukumu kifo, akisema kwamba adhabu hiyo yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na yadhalilisha utu. Hata hivyo ikasema kwamba Katiba yairuhusu kwa ajili ya maslahi ya jamii, ikairudisha.

Hivyo adhabu ingalipo. Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Lakini hukumu zimeendelea kutolewa, na mtu aliyehukumiwa hulala na kuamka chini ya kivuli cha kitanzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo yavunja haki ya kuishi. Nalo Kanisa, kwa Katekisimu iliyorekebishwa na Papa Fransisko mwaka 2018, lafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe.

4. Danieli na wazee wawili

Somo la Susana (Dan 13) tunalisikia kila Kwaresima. Mashahidi walikuwa wawili, tena wazee wenye heshima. Watu wote waliwaamini, na mwanamke akapelekwa kuuawa. Danieli hakuleta muujiza. Aliwatenganisha wale wazee, akamwuliza kila mmoja alimwona Susana chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule, na uongo ukafichuka. Hiyo ndiyo kazi ya mtetezi. Bila swali lile moja, kijiji kizima kingerudi nyumbani kikiamini kwamba kimetenda haki.

5. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, mtu wa Jumuiya akikamatwa, ndugu wasikimbie. Sheria yampa aliye kizuizini haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Aende mtu kituoni siku hiyo hiyo.

Pili, majina ya walioona yaandikwe mapema, hata ya wale ambao ushahidi wao hauwapendezi ndugu. Na mashahidi wasaidiwe nauli siku ya shauri ikifika.

Tatu, mshtakiwa aelezwe kwamba aweza kuomba msaada wa kisheria tangu mwanzo. Msaidizi wa kisheria hana ruhusa ya kumsemea mahakamani, lakini aweza kumwelekeza mapema.

Nne, tusitoe ushahidi wa kusikia, wala tusishiriki kumpiga mwizi au kumchoma bibi kizee aliyesingiziwa uchawi. Wengi wanaosema "mwuaji hana haki" wamewahi kusimama katika kundi la namna hiyo.

Tano, tuwatembelee walio Isanga na magereza mengine. Siku ya mwisho Kristo hatatuuliza kama mfungwa alikuwa na hatia. Atatuuliza kama tulikwenda (Mt 25:36). Na siku hiyo hiyo ya kwenda gerezani, tupite pia nyumbani kwa wafiwa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi twasema haki itangulie, kwa maana akishanyongwa hataweza kuipokea.