Ungamo la Kipigo si Ungamo



Wapendwa waamini, liko neno moja ambalo likivuma mitaani kwetu Singida, shauri huwa limekwisha: "Amekiri." Ng'ombe wameibwa, au bibi kizee ameuawa kwa kudhaniwa mchawi, vijana wanakamatwa, na baada ya siku chache tunasikia wamekiri. Tunashusha pumzi. Hatuulizi wamekiri mbele ya nani, wala baada ya kutendwa nini.

Sisi Wakatoliki hatuna udhuru, kwa maana maungamo tunayajua. Katika Kitubio mtu huja kwa miguu yake mwenyewe, na hulindwa na siri ya maungamo, ili apate uzima. Ungamo la kipigo limegeuza yote hayo. Anayeteswa hasemi lililo kweli. Husema litakaloyakomesha mateso. Wala si fimbo peke yake: kuna kunyimwa usingizi, kutishiwa kwamba mke naye atakamatwa, na kuahidiwa, "Weka dole gumba hapa, uende nyumbani." Karatasi hiyo yaweza kumfikisha gerezani maisha yake yote, au kwenye hukumu ya kifo, ambayo bado imo katika sheria zetu kwa kosa la kuua. Naye muuaji halisi anaendelea kununua chumvi dukani pamoja nasi.

Taifa letu limekwisha kulionja jambo hili. Mwaka 1976, katika kuwasaka wauaji huko Mwanza na kwa jirani zetu wa Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu kwa mkono wake. Alikubali kuwajibika. Je, sisi tulioshangilia tunawajibika?

Sheria haikosekani. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtesa mtu. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe kwa hiari, na upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuithibitisha hiari hiyo. Mwaka 1967, katika shauri la Tuwamoi lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ungamo lililokanwa lipokewe kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.

Kanisa nalo halina budi kujipiga kifua. Papa Nikolao I alilaani ungamo la mateso mwaka 866. Lakini mwaka 1252 Papa Inosenti IV aliruhusu mateso dhidi ya wazushi. Leo Katekisimu, katika namba 2297 na 2298, inafundisha kwamba kumtesa mtu ili akiri ni kinyume cha hadhi ya binadamu, na inakiri kwamba hata wachungaji wa Kanisa waliteleza.

Mtauliza: basi wahalifu waachwe? Hasha! Damu ya aliyeuawa inadai haki. Lakini haidai mtu yeyote tu, inadai mwenye kosa. Na hapa ndipo tunapojidanganya. Tuliona usiku ule, tulisikia, tunajua. Lakini askari anapokuja kuuliza, kijiji kizima kinageuka bubu. Mashahidi wanapojificha, fimbo hupata kazi. Ukimya wetu ndio unaotengeneza ungamo la uongo, kisha tunalipigia makofi.

Basi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tuazimie haya: anayejua ukweli autoe, tusimwite mtu muuaji kabla mahakama haijasema, tuwatembelee mahabusu. Na ninyi ndugu zetu askari mnaosali pamoja nasi, kazi yenu ni takatifu. Msiichafue kwa njia ya mkato.

Bwana wetu naye alihojiwa na kupigwa kofi mbele ya kuhani mkuu. Alidai kuonyeshwa ubaya wa maneno yake. Na kama alisema vema, kwa nini apigwe? (Yn 18:22-23). Swali hilo bado linaulizwa katika vyumba vya mahojiano. Tusimwache alijibu peke yake.