Wakfu kwa Ajili ya Msafiri

Juu ya milima ya Alps, katika njia ipandayo kutoka Uswisi na kuteremkia Italia, ipo nyumba kubwa ya mawe iitwayo Grand-Saint-Bernard, ambayo kwa muda wa karibu miaka 1,000 kazi yake kuu imekuwa ni kumfungulia mlango mtu apitaye. Iko mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, mahali pasipoota mti, na majira ya baridi theluji hujaa hapo hata njia isijulikane na bonde. Aliyeiasisi katikati ya karne ya 11 ni Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, mji ambao msafiri ateremkaye upande wa Italia huufikia kabla ya mingine, kwa hiyo habari za walioangamia njiani hazikuweza kumpita.

Kuvuka milima hiyo zama hizo kulikuwa ni kutia roho rehani. Mwaka 972 Maiolus, abati wa Cluny, mmoja wa watu waliotukuzwa mno katika Ulaya ya wakati wake, alitekwa na wavamizi katika njia hiyohiyo, asiachiliwe mpaka ilipolipwa fidia kubwa. Na ikiwa mtu wa daraja lake, mwenye wafuasi na jina, aliweza kupatwa na madhila hayo, basi hali ya mchuuzi au hujaji fakiri aliyekwenda Roma kwa miguu haihitaji kuelezwa. Watawa wa nyumba ile na watumishi wao walikuwa wakitoka asubuhi za baridi kuitazama njia, na waliyemkuta hai walimbeba, wakamwotesha moto, wakamlisha, bila ya kumdai malipo. Waliyemkuta amekufa walimweka katika chumba mahsusi cha maiti, kwa kuwa ardhi ya mwamba na barafu haikuchimbika kaburi, na huko baridi ilimhifadhi, ili huenda siku moja akatokea ndugu wa kumtambua. Mbwa walioipa nyumba hiyo sifa duniani walikuja baadaye sana, katika karne ya 17, nami husikitika kwamba umaarufu wao umewafunika watu waliotangulia kuifanya kazi hiyo kwa miaka 600 pasi na msaada wao.

Lakini huruma peke yake haipiki mkate. Kuni zilipandishwa kutoka mabondeni, na nafaka pia, na kila mgeni aliyeshiba usiku mmoja aliacha pengo ghalani. Nyumba ile isingalidumu hata vizazi viwili kama watu hawakuitolea mali ya kudumu, tena watu wa nchi za mbali. Yapata mwaka 1159 Mfalme Henry II wa Uingereza aliipa kanisa na mashamba ya Hornchurch, katika jimbo la Essex, na kwa zaidi ya miaka 200 mapato ya udongo wa Kiingereza yalichangia kumlisha mtu asiyejulikana, aliyekuwa akitetemeka kileleni mwa Alps. Sisi Waswahili neno la jambo hili tunalo, nalo ni wakfu, wala hatuna haja ya kufundishwa maana yake.

Ndivyo ilivyokuwa vilevile katika nchi za Kiislamu. Sultani al-Mansur Qalawun alipojenga hospitali yake kuu mjini Kairo, katika miaka ya 1284 na 1285, aliifungia mali yenye kuleta kodi, na hati yake ikaifungua kwa tajiri na maskini, kwa mkaazi na mgeni. Na kwa Wakristo wa Hispania, mtu mmoja aitwaye Domingo, aliyekataliwa na nyumba za watawa, akaenda kukaa peke yake msituni kando ya mto Oja, hakuweza kuwatazama tu mahujaji wa Santiago wakihangaika katika matope. Aliwafyekea njia, akajenga daraja, kisha hospitali, na alipofariki mwaka 1109 palikuwa pamekwisha kuanza mji ambao mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Najua jawabu la wenye shaka, kwamba mlango wa bure hujaza wavivu. Wazee wale walilifikiri hilo kabla yetu: katika hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Canterbury, kanuni za mwaka 1342 zilimpa hujaji mwenye afya usiku mmoja, na aliyeugua zikamruhusu kukaa zaidi. Mpaka uliwekwa katika siku za kukaa, haukuwekwa katika haki ya kuingia.

Nasema haya kwa sababu ya ninayoyaona nje ya hospitali zetu za rufaa. Mama aliyemleta mwanawe kutoka mkoa wa mbali, mtoto akishalazwa, yeye hutandika kanga barazani au chini ya mti, ndoo na sufuria kando yake, naye aweza kulala hivyo kwa majuma. Tunajisifu kwa ukarimu, na sifa hiyo si ya uongo; ila ukarimu wa nyumba moja moja hutegemea chungu cha mwenyeji, na mama huyu mjini hana mwenyeji. Tumejenga wodi, tukamsahau aliyemsindikiza mgonjwa.

Rai yangu ni kwamba hospitali kubwa isipewe ruhusa ya kufunguliwa bila ya nyumba ya wageni kando yake, na nyumba hiyo isiachiwe bajeti ya kila mwaka, ambayo hupunguzwa fedha zinapopungua, bali iwekewe mali yake yenyewe. Wapo miongoni mwetu wenye majumba ya kupangisha na maduka mengi. Mmoja wao akitoa fremu mbili tu ziwe wakfu, kodi yake italipa maji, taa, mpishi na mfagizi. Na hati iandikwe kwa wino usiofutika kwamba bawabu hana idhini ya kumuuliza mgeni dini yake, wala kabila lake, ila jina la mgonjwa aliyemleta.