Mashirika ya Simu Yapimwe kwa Mizani Moja

Askari aliye zamu usiku katika vilima vya Gashoho, upande wa Muyinga, hana haja ya kujua ni shirika gani la simu lenye wateja wengi kupita mengine. Haja yake ni moja: akiomba msaada, wito wake ufike. Hapo ndipo tunapopenda kuanzia, kwani kila shirika hujitangaza kuwa ndilo la kwanza, naye mwananchi hana mizani ya kupimia maneno hayo.

Nchini Burundi mashirika yanayojulikana zaidi ni matatu: ONATEL, ambalo ni mali ya Serikali, Econet Leo, lenye asili ya Zimbabwe, na Lumitel, lililoanza kazi mwaka 2015. Lumitel ni tawi la Viettel ya Vietnam, shirika lililoundwa mwaka 1989 na ambalo limo chini ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Mwaka huohuo wa 2015 Viettel iliingia Tanzania pia, kwa jina la Halotel.

Yalinganishwe vipi? Askari wawili hawashindanishwi kwa shabaha, mmoja akiwa hatua hamsini na mwenziwe hatua mia mbili. Kadhalika hesabu ya wateja, peke yake, hupotosha. Mtu mwenye laini tatu mfukoni huhesabiwa mara tatu. Laini isiyotumika kwa miezi miwili, shirika moja huifuta na jingine huendelea kuihesabu. Hata mapato ya wastani kwa kila mteja hayatoshi, maana anayewahudumia wakulima atapata kidogo kuliko anayewahudumia wafanyabiashara wa Bujumbura, wala hiyo si dalili ya uvivu.

Kwa hiyo hatuna budi kuuliza mambo yaleyale kwa wote, na mahali palepale. Katika simu mia zilizopigwa, ngapi ziliunganishwa? Ngapi zilikatika kabla ya mazungumzo kwisha? Mnara ukizimika, hutengenezwa baada ya saa ngapi? Bei ya dakika moja ni kiasi gani? Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hutangaza kila robo mwaka takwimu za mashirika yote bega kwa bega. Kwetu kazi ya usimamizi ni ya ARCT, na takwimu zenye faida kwa mwananchi ni zile zinazoshuka hadi vilimani. Wastani wa nchi nzima huficha bonde lisilo na mawasiliano.

Shirika la umma nalo lisisamehewe. Ni kweli kwamba aghalabu hubebeshwa wajibu wa kufika pasipo na faida. Mzigo huo uandikwe wazi katika safu yake, upate kuheshimiwa, lakini usigeuzwe kisingizio cha uzembe.

Ndugu askari na polisi, ninyi mnalinda mahali ambapo wakaguzi wa mashirika hawafiki kila siku. Mtandao ukikatika, andikeni saa na mahali, mkapeleke taarifa kwa wakuu wenu. Taarifa hizo, zikikusanywa kwa utaratibu mmoja, zitakuwa mizani ya kweli kuliko tangazo lolote.