Dawa ya Kuvuta Isiwe Kisingizio

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba, maadamu wataalamu wamepata antibayotiki za kuvuta kwa pumzi, tabu ya maradhi ya mapafu yaliyoshinda vidonge na sindano imekwisha. Sisi hatukubaliani nao, na tunaona ni wajibu wetu kueleza kwa nini.

Dawa hizo hugeuzwa ukungu kwa mashine maalumu, mgonjwa akauvuta. Zikifika mapafuni huwa na nguvu kubwa pale pale penye maradhi, ilhali kiasi kidogo tu huingia katika damu. Faida hiyo si ndogo, kwani tobramisini na amikasini zikidungwa kwa muda mrefu zaweza kudhuru figo na kumpotezea mtu usikivu. Marekani iliidhinisha tobramisini ya kuvuta mwaka 1997, kwa wenye maradhi ya kurithi ya sistiki faibrosisi ambao mapafu yao yamevamiwa na bakteria waitwao Pseudomonasi. Mwaka 2018 ikaidhinisha amikasini ya kuvuta, iongezwe juu ya dawa nyingine kwa watu wazima wenye maambukizi ya bakteria walio jamaa wa wale wa kifua kikuu, ambao baada ya matibabu ya miezi 6 au zaidi makohozi yao hayajasafika.

Msomaji ataona basi kwamba dawa hizi ni za wagonjwa maalumu. Si za kila kikohozi. Hata kifua kikuu sugu hakitibiwi hivyo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Zaidi ya hayo, dawa ya kuvuta yaweza kumbana mgonjwa pumzi, mashine isiyosafishwa huwa makao ya vijidudu, na bakteria waweza kuizoea dawa hiyo pia.

Usugu huo hauanguki kutoka mbinguni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Nishani ya Nobel kwamba dozi pungufu huvifunza vijidudu kuihimili dawa. Nasi hadi leo twaona mtu akikohoa siku mbili, ananunua vidonge vichache dukani bila cheti cha daktari. Akipata nafuu huvikatiza, na vilivyosalia humpa jirani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa makadirio ya wataalamu, bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Kwa hiyo twawaomba wananchi wa Visiwani wasinunue antibayotiki bila kupimwa, na waliopewa wazitumie kama walivyoelekezwa. Viongozi wa Serikali nao hawana budi kuhakikisha maduka ya dawa yanafuata sheria, na maabara zetu zina uwezo wa kuotesha makohozi na kutambua dawa inayofaa. Mashine bila maabara ni sawa na kurusha mshale gizani.

Siku dawa za kuvuta zitakapofika katika hospitali zetu, tutazipokea kwa furaha. Lakini zitatufaa tu ikiwa tumejifunza kwanza kuzitunza hizi tulizo nazo.