Yasmin kwenye kichanja cha kahawa
Jumanne hii, hapa Igamba, Mbozi, nilimkuta binti wa kidato cha sita akigeuza kahawa kwenye kichanja kwa mkono mmoja, wa pili umeshika Vuta N'kuvute isiyo na jalada. Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, inaturudisha Zanzibar ya wakoloni, ambako Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza akiwa na miaka 15, anaikimbia ndoa na kumpenda Denge, kijana Mwafrika aliyekwisha kuuweka moyo wake rehani kwa ajili ya uhuru. "Denge hampendi," binti akaniambia. "Angempenda angeacha siasa." Nikakaa juu ya gunia. Nilipokuwa na umri wake nami nilisema hivyo hivyo. Leo naona penzi na imani ni ndoo mbili za mzegazega, ukitua moja nyingine inakuangusha. Kinachoniuma mimi ni jamaa za Yasmin waliomfungia mlango. Wakoloni waliwapanga watu kwa rangi, ni kweli, lakini komeo lile halikusukumwa na Mwingereza. Na sisi huku Mbozi, tunaomuuliza mchumba kabila kabla ya jina, tumefunga milango mingapi? Mzazi anayemkana mwanawe kwa ajili ya asili ya aliyempenda anafanya kazi ya mkoloni kwa mikono yake mwenyewe. Wingu likatanda, tukaifunika kahawa. Kurasa za mwisho za kitabu cha yule binti zimechanika. Jumamosi nitampelekea changu.